Nimetuma kimoja, inasema sita: dhana potofu kuhusu ujumbe wa makosa

"Kaka, hii Python (lugha ya programu ninayotumia) imekufa. Nimeipa kitu kimoja, inasema nimeipa sita."

Kijana ninayemfundisha programu hapa Dodoma alikuwa anatengeneza mfumo mdogo wa kuwatumia wakulima wa zabibu bei za wilaya zao. Fanksheni yake, yaani kipande cha programu chenye jina kinachofanya kazi moja, inaitwa tuma_bei, na inapokea agumenti (kitu unachoipa ikifanyie kazi) moja tu, jina la wilaya. Ili kazi zisisubiriane, aliiendesha kwenye thredi, njia ya kuendesha kazi kadhaa sambamba, na kuandika orodha ya agumenti hivi: args=("Dodoma").

Dhana: idadi inayotajwa ni idadi uliyotuma

Hesabu herufi: D, o, d, o, m, a. Nikamwambia aweke Bahi. Ujumbe ukabadilika, sasa eti imepewa 4. Mpwapwa ikatoa 7. Hapo akaanza kucheka.

Kwenye Python, mabano peke yake hayatengenezi tuple, yaani orodha ya vitu isiyobadilika. Koma ndiyo inayoitengeneza. Bila koma, ("Dodoma") ni neno tu lililovishwa mabano, na thredi hulifumua herufi moja moja na kuzibwaga zote kwenye fanksheni. Dawa yake ni ("Dodoma",). Koma moja, na asubuhi nzima ilishapotea! Kibaya zaidi, mistari yote iliyotajwa kwenye ujumbe wa kosa ilikuwa ya threading.py, faili la Python yenyewe ambalo hakuliandika yeye, kwa sababu mwito ulikwama kabla haujaingia kwenye fanksheni yake. Akadhani Python yenyewe ndiyo mbovu, na simlaumu.

Ndugu wa kosa hili ni self, jina linaloshika obujekti (kitu kilichotengenezwa kwa kufuata klasi, yaani kiolezo). Isahau kwenye methodi, yaani fanksheni iliyo ndani ya klasi, utaambiwa inapokea 0 lakini imepewa 1, na wewe hukutuma kitu. Python imeitanguliza obujekti yenyewe bila kukuuliza.

Dhana: mstari uliotajwa ndio wenye kosa

Hapo ndipo mashine ilipokwama tu. Kwenye Python, input(), inayosoma anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi daima. Mnunuzi akiandika 3 kwa idadi ya kilo, na programu ikazidisha kwa bei ya 2500, Python hailalamiki: inapanga tarakimu 3 mara 2500 mfululizo na kukuachia. Kitu hicho kinapitishwa kwenye fanksheni nyingine ya kuongeza nauli ya 500, na huko ndiko kelele zinakoanza, kwamba maandishi hayaungani na namba. Mtu anakesha akikagua nauli, kumbe alisahau int(), ya kugeuza maandishi kuwa namba, kule juu kabisa.

Dhana: matoleo mapya yamemaliza tatizo

Yamepunguza. Python 3.10, iliyotoka 2021, inakuambia wazi kwamba bano halikufungwa badala ya kuulaumu mstari unaofuata. Toleo la 3.11 likaongeza vialama vinavyoonyesha sehemu ya mstari iliyoleta balaa. Lakini ile koma ya kijana wangu? Bado utaambiwa 6.

Dhana: pasipo na ujumbe, agumenti ziko sawa

Hii ndiyo ninayoiogopa. JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, ukiinyima agumenti inaweka undefined (hakuna thamani) na kuendelea na safari. Ukizidisha, unapata NaN (si namba). Afadhali hiyo, inaonekana. Agumenti mbili za aina moja zikibadilishana nafasi, mara nyingi hakuna wa kukushtua. Ramani za Leaflet, zana ya kuchora ramani kwenye wavuti, zinataka latitudo kwanza, wakati GeoJSON, muundo wa kuhifadhi data za ramani, unaanza na longitudo, na zote mbili ni namba tu.

Mji wa Dodoma uko kwenye latitudo ya karibu -6.17 na longitudo ya karibu 35.74. Nilipochora ramani ya mfumo ule ule nilizigeuza, mimi mwalimu, si kijana. Programu ilikubali bila neno. Tulitafuta alama ya Dodoma kote Tanzania, hola. Kijana akaivuta ramani mbali zaidi, akaikuta inaelea kwenye Atlantiki, magharibi ya Tangier huko Moroko.