Mapafu Mapya Hayaji na Misuli Yake

“Mapafu yenyewe yanabadilishwa, sasa mazoezi ya kupumua ya nini?” Swali la wanaosubiri kupandikizwa mapafu, na linaonekana lina mantiki. Lakini mapafu hayajivuti yenyewe. Hewa huingia kwa sababu kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, hushuka na kupanua kifua. Msuli huo haubadilishwi. Ndio utakaoyavuta mapafu mapya mgonjwa anapoachishwa mashine ya kupumulia, na mara nyingi unafika chumba cha upasuaji ukiwa umedhoofishwa na ugonjwa, lishe duni na dawa za steroidi.

Zoezi lenyewe la kuuimarisha kabla ya upasuaji: unabana pua kwa kibanio, unafumba midomo kwenye kifaa kidogo chenye vali (kilango cha hewa) ya springi, kisha unavuta pumzi kwa nguvu hadi vali ifunguke. Ukinzani wa vali hiyo mara nyingi huanzia karibu asilimia 30 ya nguvu yako ya juu ya kuvuta hewa, kisha huongezwa taratibu. (Kupuliza maputo si zoezi hili, kule unatoa hewa.)

Mapafu mabovu hayaponi kwa njia hii, wala mazoezi ya kutembea hayaachwi. Na aliyevujiwa hewa kifuani hivi karibuni asianze bila ruhusa ya daktari.