Si kila "luxury" ni anasa: maelezo kutoka dawati la tafsiri

Malalamiko yameongezeka dawatini kwetu, na mengi yanahusu neno moja la Kiingereza, luxury. Mteja anarudishiwa tafsiri aliyoileta tuikague na kuigonga muhuri, anakasirika, anafungua kamusi kwenye simu na kutuonyesha: "Si hii hapa, wameandika anasa! Sasa ninyi mnataka nini tena?" Naandika kwa ajili yake na wenzake, kwa nia njema kabisa.

Hivi karibuni alikuja mzee mmoja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na mkataba wa pango wa fleti na tafsiri yake. Penye luxury apartment mfasiri alikuwa ameandika "nyumba ya anasa". Mzee hakutaka kusaini. "Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa," aliniambia. "Nitaandikaje kwamba naishi nyumba ya anasa?" Nyuma yake kwenye foleni alisimama kijana wa chuo mwenye kosa lililo kinyume: alikuwa ametafsiri kipande cha Shakespeare na kumfanya mfalme mzinzi aonekane mpenda makochi. Watu wawili, neno moja, na wote wawili waliiamini kamusi ileile.

Asili yake ni Kilatini. Luxus ilikuwa hali ya kupita kiasi, na luxuria ikazaliwa humo. Warumi waliitumia hata kwa mimea. Virgil, mshairi wao, katika shairi lake la kilimo, anamsifu mkulima anayelisha mifugo ngano ikingali changa ili isizidi majani. Aliyewahi kupanda maharage penye samadi nyingi ataelewa haraka: shamba limekwenda majani, kijani mpaka wapita njia wanasimama kutazama, ukifunua chini hakuna maganda. Kiingereza kimebaki na luxuriant kwa ajili ya ustawi wa namna hiyo.

Kanisa la Magharibi lilipopanga dhambi kuu saba, luxuria likawa jina la tamaa ya mwili. Ndivyo lilivyoingia Kiingereza katika karne ya 14, kupitia Kifaransa: si mto wa manyoya wala gari la vioo vyeusi, bali zinaa. Chaucer, mshairi wa Kiingereza, mwishoni mwa karne hiyo, anamweka mhubiri wake kushuhudia kwamba Maandiko yanasema luxurie imo katika mvinyo na ulevi. Hapo ananukuu Waefeso 5:18, ambapo Biblia ya Kilatini ina luxuria. Sasa fungua Biblia ya Kiswahili, tafsiri ya Muungano: "Tena msilewe kwa mvinyo, ambamo mna ufisadi." Nenda Wagalatia 5:19, penye orodha ya matendo ya mwili: uasherati, uchafu, ufisadi. Hapo pia Kilatini kina luxuria.

Naam, ufisadi. Vijana wakisoma mstari huo siku hizi wanadhani Paulo anazungumzia zabuni hewa. Fisadi wa Kiswahili cha zamani alikuwa mharibu wa wake na mabinti za watu. Mzizi wake wa Kiarabu ni uharibifu. Maana ya kutafuna mali ya umma ilizidi kushika nafasi, na tangu majukwaa ya siasa ya mwaka 2007 hapa Tanzania ndiyo pekee inayosikika mitaani. Neno letu limetoka kitandani likaenda hazina. La Waingereza limetoka kitandani likaenda sebuleni. Anayeshangaa kwamba luxury liliwahi kumaanisha uzinzi na ajiulize babu yake alimwita nani fisadi.

Kwa Shakespeare maana ya zamani bado ndiyo inayotawala. Katika Macbeth, mchezo ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968, Malcolm anamtaja mfalme dhalimu kuwa luxurious, na hasemi habari za samani. Katika mchezo mwingine bwana harusi anamkana bibi harusi mbele ya madhabahu akidai ameshakijua "kitanda luxurious". Leo hoteli inaandika hivyohivyo kwenye tangazo, na mteja analipia zaidi.

Mgeuko ulikuja karne ya 17, neno lilipoanza kushika vitu vya gharama na maisha ya raha. Mwaka 1714 Mandeville, mwandishi wa huko Uingereza, aliwaudhi watu wa dini kwa hoja kwamba matumizi ya matajiri ndiyo yanayowapa maskini kazi. Mwaka 1752 mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alitoa insha yenye neno hilo kwenye kichwa, akianza kwa kukiri kwamba maana yake haijatulia na linaweza kuwa jema au baya. Mwaka 1760 alilitoa kichwani akaweka jingine. Wafaransa waligawana mzigo mapema: luxure ni dhambi, luxe ni ya dukani. Wahispania wana lujuria na lujo. Kiingereza kilibaki na neno moja, ndiyo maana kazi inatuangukia sisi.

Na "anasa" je? Inatoka mzizi wa Kiarabu wa kuzoeana na kuliwazana, ndugu yake "insi", yule binadamu anayetajwa pamoja na majini. Lakini mahubiri yameipaka rangi. Yakobo 5:5 anawakemea matajiri kwa kuifanya. Mwenye nyumba hakukusudia kemeo.

Utaratibu wetu basi. Nyaraka za biashara, pango na usafiri: andika "ya kifahari" au "ya hadhi ya juu". Habari za kodi na uchumi, ambako bidhaa zisizo za lazima hutengwa na za lazima: "anasa" inafaa. Maandishi ya zama za Shakespeare na kurudi nyuma: soma sentensi nzima kwanza, halafu fikiria "uasherati" au "uzinzi". Leta nakala halisi. Picha ya simu hatupokei, hata iwe inang'aa namna gani. Kila ukurasa wa tafsiri uwe na namba na saini ya mfasiri. Usifute kwa wino mweupe: kata kwa mstari mmoja, andika juu, weka saini pembeni. Nyaraka iliyorudishwa inaanza foleni upya, na kutuambia kwamba jana ulikuwa wa tatu hakubadilishi kitu. Anayejigongea muhuri wetu mwenyewe amefanya kosa la kughushi chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Ofisi, hata hivyo, haimzuii mtu kuchagua neno analopenda katika tangazo lake binafsi.

Mzee tulimrekebishia pale pale, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Alisoma "fleti ya hadhi ya juu" mara mbili, miwani ikiwa ncha ya pua, akasaini. Kisha akauliza kama, kwa kuwa anasa imeondolewa, kodi ya pango nayo itapungua. Nilimweleza kwamba hilo liko nje ya mamlaka ya dawati hili.