“Pesa ya Korona Ilishasamehewa”

Kila msimu wa kodi, wateja wangu hapa Marekani, wenye malori, maduka ya vyakula na vituo vya kulelea watoto, huniambia maneno yaleyale: “Dada, ile ilikuwa pesa ya korona, serikali ilishasamehe.” Nimechoka kuyasikia, kwa sababu wengi wanaoyasema walisaini hati ya deni la miaka 30.

Mwaka 2020 serikali ilifungua milango miwili ya mikopo kwa biashara zilizoumizwa na korona. PPP, mkopo wa kulinda mishahara ya wafanyakazi, ilipitia benki, na mwenye biashara aliyetumia angalau asilimia 60 ya fedha hizo kulipa mishahara aliweza kuomba msamaha wa mkopo wote. EIDL, mkopo wa maafa, ilitoka moja kwa moja SBA, idara ya serikali inayohudumia biashara ndogo, kwa riba ya asilimia 3.75, na haikuwa na msamaha tangu siku ya kwanza. Sehemu isiyorudishwa ni ile ruzuku ndogo iliyotangulia. Mkopo wenyewe ulipoingia katika akaunti ileile, watu wakaudhania kuwa ni mwendelezo wake.

Kilichowapumbaza zaidi ni ukimya. Malipo ya EIDL yaliahirishwa kwa miezi 30, wakachukulia kwamba asiyedai amesamehe, ilhali riba ilikuwa ikihesabiwa kila siku. Tuchukue mkopo wa dola 150,000, ambao rejesho lake ni dola 731 kwa mwezi. Katika miezi hiyo 30 riba ilijilimbikiza hadi kupita dola 14,000, na kwa kuwa rejesho hukata riba kwanza, na riba mpya ya kila mwezi ni kama dola 469, zinabaki dola 262 tu za kupunguza lile limbikizo. Mlipaji asiyekosa hata mwezi mmoja atalipa zaidi ya miaka minne kabla dola moja haijagusa deni la msingi. Mama mmoja aliniletea taarifa za malipo ya mwaka mzima, akiwa amezungushia kalamu nyekundu mstari wa deni la msingi ambao haukusogea, akiamini kwamba fedha zake zimepotea. Hazikupotea, zilimezwa na riba ya miezi ambayo alidhani amesamehewa.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana nami, fungueni hati mliyosaini msome riba yake. Ikiwa ni asilimia 1, ni PPP. Ikiwa ni 3.75, ni EIDL, na mnadaiwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba PPP ilijisamehe yenyewe. La, ilibidi kuomba, na asiyeomba alianza kudaiwa kama mkopaji mwingine yeyote. Hata aliyesamehewa asitupe karatasi zake, kwani anatakiwa kuzihifadhi kwa miaka 6, na tangu Agosti 2022 sheria inaruhusu kushtaki udanganyifu katika mikopo hii hadi miaka 10 baadaye.

Wengine huniambia kwamba wakifunga kampuni, deni linakufa nayo. Mkopo wa EIDL uliozidi dola 25,000 uliwekewa dhamana ya mali za biashara, hivyo kuuza lori bila idhini ya SBA ni kujitafutia kesi. Uliozidi dola 200,000 ulidhaminiwa na mwenye biashara yeye binafsi. Na asiyesajili kampuni anadaiwa yeye mwenyewe, kwa kiasi chochote kile. Deni lisilolipwa hupelekwa Wizara ya Fedha, ambayo huongeza ada zake na kukata marejesho ya kodi ya mdaiwa. Anayeona kwamba dola 731 zinamshinda awaandikie SBA mapema, deni likiwa bado mikononi mwao.