Katuni Fupi Zinazomfundisha Mtoto Kuhusu Ubaguzi na Uvamizi

Mwambie mtoto wa darasa la nne kwamba ubaguzi ni mbaya, ataitikia "ndiyo mwalimu", kisha wakati wa mapumziko atamcheka mwenzake kwa lafudhi yake. Ndiyo maana sisi wa elimu ya filamu tunawashauri walimu na wazazi waanze na katuni fupi zisizo na maneno. Humo mtoto hucheka kwanza, halafu anaanza kujiuliza alikuwa anamcheka nani.

Ya kwanza ni Balablok, iliyotengenezwa mwaka 1972 na Břetislav Pojar, msanii kutoka Chekoslovakia, katika Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada. Mwaka 1973 ilitunukiwa tuzo kuu ya filamu fupi kwenye tamasha la Cannes. Michemraba wanaishi kwa raha zao, hadi siku mmoja wao anapokutana na tufe. Anamtazama, anaangua kicheko, anawaita wenzake. Tufe naye anaita wa kwake, na vita vinaanza. Wanatwangana hadi kona zinavunjika na migongo ya mviringo inachongeka, wote wanabaki na umbo moja la pembe sita. Utulivu unarejea. Kisha inatokea pembetatu.

Simamisha filamu pale mchemraba anapocheka mara ya kwanza, maana darasa zima litakuwa linacheka naye. Uliza kilichowachekesha. Watajibu kwamba yule ni mviringo. Uliza tena: amemkosea nani? Nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Walimu wengi wanaharibu hapa kwa kutoa funzo kabla watoto hawajalitafuta.

Wapo wanaolalamika kwamba filamu hii haina suluhisho. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo thamani yake. Maumbo yale yamepatana kwa sababu wamelazimishwa kufanana, hawajajifunza lolote kuhusu kuishi na aliye tofauti, na mtoto wa miaka tisa analiona hilo bila kusaidiwa.

Kwa habari ya kunyang'anyana ardhi, tumia Neighbours ya Norman McLaren, mtengenezaji filamu wa Bodi hiyo hiyo ya Kanada, ya mwaka 1952, yenye urefu wa dakika nane. McLaren aliitengeneza baada ya kutoka China, alikoshuhudia mapinduzi ya 1949, huku vita vya Korea vikiendelea. Aliwapiga picha watu halisi, moja baada ya nyingine, wakateleza juu ya nyasi bila kuinua miguu. Majirani wawili wanaketi kwa amani mpaka ua zuri linapochipuka katikati yao. Kila mmoja analitaka. Wanachora mpaka, wanajenga uzio, wanapigana, na katika purukushani hiyo ua lenyewe linakanyagwa. Wanaishia makaburini wote wawili.

Itazame peke yako kwanza. Ina kipande ambacho majirani hao wanawashambulia wake na watoto wachanga wa wenzao. Kiliwahi kukatwa, kikarudishwa miaka ya vita vya Vietnam. Kwa watoto walio chini ya miaka kumi na miwili, mimi ningeizima kabla ya hapo na kuwasimulia mwisho.

Vijana wa sekondari wako tayari kwa Yellow Fever (2012) ya Mkenya Ng'endo Mukii. Inaonyesha uvamizi wa kikoloni ulioacha alama mwilini: mkorogo, nywele zinazosukwa kwa maumivu, binti mdogo anayetamani ngozi nyeupe. Msiitazame kwa haraka mwisho wa kipindi. Wasichana watakuwa na mengi ya kusema kuhusu yale wanayoambiwa nyumbani na saluni, na wavulana wanapaswa kuyasikia. Hakikisha hakuna anayelazimishwa kuzungumzia ngozi yake mwenyewe mbele ya darasa.

Balablok na Neighbours zinapatikana bure kwenye tovuti ya Bodi hiyo ya Kanada. Hazina mazungumzo ya kutafsiri. Kompyuta moja na spika vinatosha.