Eti punda bila bakora haendi

Juzi nimeisikia tena, safari hii Bumbwini, huku Unguja. Mzee mmoja aliniita nimtazame punda wake wa gari "aliyeota usugu". Nilimkuta mnyama amesimama mbele ya dimbwi, masikio ameyaelekeza mbele, miguu minne imekita kwenye tope, matako yamejaa michubuko mibichi. Kijana wa gari alikwisha kuvunja bakora moja na alikuwa akitafuta ya pili. Mzee akaniambia, "Daktari, punda bila bakora haendi."

Maneno haya nimeyasikia kwa wenye punda wengi mno, na kila mara naumia upya.

Punda ametokana na punda mwitu wa Ethiopia, Eritrea na Somalia, nchi kavu za majabali. Huko, anayetimka ovyo juu ya mawe huvunjika mguu. Ndiyo maana farasi akishtuka hukimbia, lakini punda aghlabu huganda kwanza, akatazama, akapima. Dimbwi jeusi halimwonyeshi kina chake. Kwake yeye lile ni shimo. Ukimpiga hapo, hofu ya shimo iko palepale, nawe umemwongezea ya bakora. Kweli, kuna siku atapita, na mwenyewe utaona bakora imefanya kazi. Amepita akikimbia maumivu. Kesho ataanza kugoma akiwa hatua ishirini kabla ya dimbwi, kwa kuwa ameshajua kuwa panapo maji pana kipigo, nawe utahitaji bakora nene zaidi.

Nilimwomba kijana amfungue gari. Nikashika kamba, nikaivuta kwa nguvu ya vidole viwili tu, nikatulia hapo. Dakika zikapita. Kisha kwato ya kulia ikasogea kama inchi moja, nami nikalegeza kamba papo hapo. Kinachomfundisha punda ni kule kulegea. Ukichelewa sekunde mbili tatu, hajui tena amelegezewa kwa lipi. Na ukiendelea kuvuta wakati ameshajaribu kukutii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida. Nikavuta tena, akasogea tena, nikalegeza tena. Baada ya kama dakika ishirini kwato mbili za mbele zilikuwa majini, akainamisha kichwa kunusa, akavuka. Tulirudia mara nne. Mara ya tano alivuka kamba ikining'inia. Hapo ndipo tulipomfunga gari, tupu kwanza.

"Leo kakuonea haya mgeni," mzee akasema. Sivyo, mzee wangu. Kapewa nafasi ya kufikiri.

Wazee wetu walimtofautisha punda wa Maskati, aliyeletwa kutoka Oman, na kiongwe, yaani punda wa bara, na kiongwe ndiye aliyebebeshwa sifa ya ukaidi. Kwa nionavyo mimi, aliyezoea kushikwa masikio na kuinuliwa kwato tangu mdogo hufunzwa kwa wepesi, awe wa asili yoyote ile.

Methali ya shukrani ya punda kuwa ni mateke nayo sipendi kuisikia bandani. Punda huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na chini ya pua yake. Ukimjia kwa nyuma kimyakimya, ukamgusa ghafla, atarusha teke. Mjie kwa ubavuni, msemeshe.

Wengine humfunga gari akiwa na miaka miwili kwa kuwa "keshakuwa mkubwa". Mwili umerefuka, mifupa bado. Ya uti wa mgongo ndiyo ya mwisho kukomaa. Miaka miwili ni umri wa kumfundisha kuongozwa kwa kamba na kusimama akiambiwa. Gari subiri afike minne, na mzigo mzito baadaye zaidi.

Nira ya ng'ombe? Ng'ombe wetu wana nundu ya kuizuia nira. Punda hana nundu. Yeye husukuma kwa kifua. Ukimvika nira atachubuka shingo, kisha atakataa kuvuta, nawe utasema mkaidi. Mtengenezee mkanda mpana wa kifua, uuvike kitambaa laini, ukae chini ya koo usimkabe pumzi.

Wala usisubiri alie ndipo ujue anaumwa. Punda huficha maumivu. Akipunguza kula, akasimama peke yake, akalegeza masikio, niite siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho nililomuuliza mzee lilikuwa hili: punda huyu alikuwa na mwenzake? Akanijibu kuwa wa pili ameuzwa mwezi uliopita, na ugomaji ulianza wiki hiyohiyo. Punda hushikamana wawili wawili, na akitenganishwa na mwenzake anaweza kuacha kula hata akaugua vibaya. Jirani yake ana punda jike asiye na kazi. Mzee ameahidi kwenda kuzungumza naye baada ya sala ya Ijumaa.