Kanisa jeupe la Skálholt si la enzi za kati

Wageni wengi wanaofika Skálholt, kusini mwa Iceland, huamini kwamba kanisa jeupe lililo pale kilimani ndilo lile la maaskofu wa enzi za kati. Ni rahisi kuamini hivyo, maana mahali penyewe ni pa kale kweli. Askofu wa kwanza alianza kazi hapo mwaka 1056, na kwa zaidi ya miaka 700 palikuwa makao ya uongozi wa kanisa na shule.

Jengo la sasa, hata hivyo, liliwekwa wakfu mwaka 1963. Yaliyotangulia yalikuwa ya mbao. Iceland haikuwa na miti mikubwa ya kujengea, hivyo mbao zilisafirishwa kwa meli kutoka Norwei. Moto uliteketeza kanisa mwaka 1309, kisha tena katika karne ya 16. Makanisa yale ya enzi za kati yalikuwa marefu, kutoka mbele hadi nyuma, kuliko hili la leo, jambo ambalo mimi huliona la kustaajabisha sana kwa nchi iliyokosa misitu ya mbao za kujengea.

Ukifika, gusa ukuta: ni zege. Kisha shuka chini ya kanisa. Huko kuna jeneza la jiwe la askofu aliyefariki mwaka 1211, lililofukuliwa mwaka 1954 kabla ya ujenzi. Hilo ndilo la enzi za kati. Kwa jengo lolote la kihistoria, uliza maswali mawili: mahali hapa pana umri gani, na kuta hizi zilijengwa lini?