Busti sio nguvu, tuelewane leo

Jana saa nne usiku simu inaita, kaka mmoja wa hapa hapa Houston, kanunua Ford F-150 Lightning ya 2002, ile pikapu ya petroli, anataka aende nayo drag, mbio za robo maili. Hata salamu hazijaisha: "Fundi, nimeagiza puli ndogo ya supachaja, busti itatoka 8 itafika 14, si nguvu inakaribia mara mbili hiyo?" Hapana kaka, haikaribii. Supachaja ni pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda isukume hewa kwenye silinda, busti ni presha ya hewa hiyo kwa psi, na puli ndogo inaizungusha kwa kasi zaidi. Hili swali nimelijibu kwenye simu, nimelijibu WhatsApp, nimelijibu uwanjani nikiwa nimelala chini ya gari na mafuta yananidondokea usoni, kwahiyo leo naandika, akija mwingine namtumia hii.

Geji ya busti haikuambii hewa kiasi gani imeingia kwenye silinda. Inakuambia hewa iliyobanana kwenye manifoldi ikisubiri valvu zifunguke. Supachaja ya Lightning ni Eaton M112, ni aina ya Roots, kila mzunguko mmoja inasukuma inchi za ujazo 112, kama lita 1.8 hivi, injini imeze isimeze yenyewe inasukuma tu. Chukulia daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Wale wanaosukumana mlangoni ndio busti. Ukipima jinsi wanavyosukumana hujajua bado abiria wangapi wamekaa ndani, na ukipanua mlango msukumano unapungua huku abiria wanaoingia wanaongezeka.

Na hili nimeliona kwa macho yangu, sijahadithiwa. Lightning yangu ilikuwa inasoma psi 11. Nikashusha silinda hedi nikapanua njia za hewa, nikafunga hedazi ndefu, yale mabomba ya kutoa moshi kwenye injini, na egzosi pana, puli sikuigusa. Nikarudi uwanjani geji inasoma 9. Jamaa aliyekuja nami akaniambia umeharibu gari, busti imepotea. Tukapiga raundi tatu, na mwisho wa robo maili gari iliyokuwa inapita na maili 104 kwa saa ikapita na 107, tairi zile zile, giaboksi ile ile, jioni ya joto lile lile. Busti imeshuka, nguvu imepanda, manake ile hewa iliyokuwa imebanana mlangoni sasa imeingia ndani. Yule jamaa bado anaulizaga supachaja yangu inavujia wapi.

Sasa tuje kwenye joto, hapa ndipo watu wananichosha kabisa. Roots haibani hewa ndani ya tumbo lake. Ndugu wawili wa Indiana, Philander na Francis Roots, waliipatia hataza 1860, na kazi yake ilikuwa kupuliza hewa kwenye tanuru na migodi, mambo ya magari hayajazaliwa. Inabeba hewa kutoka upande huu inaitupa upande ule, na mbano unatokea pale hewa iliyojaa kwenye manifoldi inaporudi nyuma kwa nguvu na kuigonga ile mpya. Kule kugongana ni joto. Na kadiri unavyoizungusha kwa kasi ndivyo inavyozidi kuzalisha joto kuliko hewa.

Chukua kalamu tupige hesabu. Hewa ya nje nyuzi 32, mchana wa kawaida tu hapa Texas, na tuipe supachaja ufanisi wa asilimia 55, na hapo nimeionea huruma. Kwa psi 8 hewa inatoka na nyuzi kama 105. Kwa psi 14 inatoka na kama 150. Ukihesabu na joto, uzito wa hewa kwa psi 8 ni mara 1.24 ya hewa ya nje, kwa psi 14 ni mara 1.41. Busti umepandisha kwa asilimia 75, hewa yenyewe imeongezeka kama asilimia 14, na hapo bado sijatoa nguvu ambayo supachaja inanyonya kwenye krenki kupitia mkanda, ambayo nayo imepanda. Intakula ya maji, yaani kipoza hewa, inarudisha sehemu, ndio, na ukijaza barafu kwenye tenki inarudisha zaidi, ila ni kwa raundi moja, ya pili barafu imeshakuwa supu. Kwahiyo ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi nakuambia intakula na egzosi, puli iwe ya mwisho.

Mkanda kuteleza nitapita haraka: kama busti inapanda vizuri halafu inaanguka kuanzia rpm 4,500 kwenda juu, angalia mkanda kabla hujanunua kitu chochote.

Mafuta. Injini ya nguvu za farasi 500 ya supachaja inakunywa petroli kama ratili 310 kwa saa. Gawa kwa nozeli 8 za kumwagia mafuta, halafu usizifungue zaidi ya asilimia 85 ya muda, unapata nozeli za ratili 46 hivi. Lightning imetoka kiwandani na za 42. Umeona tatizo lilipo? Na nozeli ndio rahisi, kuna sensa inayopima hewa inayoingia, MAF. Ile inatoa volti, mwisho wake 5, basi. Ukishafika 5 hata uingize hewa ya kimbunga kompyuta haioni tena, inaendelea kumwaga mafuta ya hewa iliyoiona mara ya mwisho. Na hii inatokea juu kabisa kwenye rpm, mguu umekanyaga mpaka chini, yaani mahali pabaya kuliko pote pa kukosa mafuta. Dereva hasikii kitu. Gari inakuwa tamu kweli sekunde mbili za mwisho, tamu kupita siku zote, halafu moshi.

Nilishafungua moja iliyoletwa hivyo, mwenyewe alifunga puli Ijumaa, akakimbia Jumamosi. Kabla sijashusha hedi nikatoa plagi, kwenye ile kauri nyeupe kuna vidoa vidogo vya kijivu vinang'aa kama pilipili manga iliyosagwa. Ile ni aluminiamu ya pistoni. Nilimwonyesha kwa tochi, nikamwambia hesabu hizo punje, kila moja imetoka kwenye pistoni yako. Tulipofungua, ukingo wa pistoni unaoshika ringi ya juu umekatika kipande cha kuenea ukucha. Kijana wa watu alikaa kwenye tairi akanyamaza muda mrefu, na mimi iliniuma, manake puli ilikuwa dola zisizozidi mia na injini imeondoka nzima.

Kwenye plagi zenyewe, hizi hedi za injini ya Lightning, lita 5.4 ya valvu mbili kwa silinda, nyuzi za kufungia plagi ni chache, zinajulikana kwa kurusha plagi, kwahiyo funga na ufunguo wa kipimo, usifunge kwa hisia. Giaboksi weka kipoza mafuta. Tairi weka sliksi, zile za mbio zisizo na meno, gari ya kilo 2,100 bila mzigo nyuma haina la kukanyagia.

Kutyuni sasa. Taimingi ni plagi inawasha mapema kiasi gani; naanza na ya chini naongeza digrii moja moja, na nasoma maili za mwisho wa robo maili, sio sekunde, sababu sekunde zinakuambia ulivyoondoka kwenye mstari na maili zinakuambia nguvu. Nikiongeza digrii mbili na maili hazijapanda nazirudisha hapo hapo, nguvu haipo pale, kilichopo ni hatari tu. Mchanganyiko naweka 11.5, yaani hewa sehemu 11.5 kwa petroli sehemu moja. Vitabu vinakupa hiyo namba kama aya, lakini mimi nimeendesha 11.2 na 11.8 kwenye gari moja, wiki moja, maili hazikusogea, na ile 11.2 wanayoiita salama nina wasiwasi inasafisha oili kwenye kuta za silinda. Sensa ya noki, ule mlipuko wa mafuta usio wa wakati wake unaovunja pistoni, nayo siiamini peke yake, inasikia makelele ya kila aina, ndio maana plagi nazitoa kila baada ya raundi, zikiwa bado za moto, naziangalia kwa lenzi.

Na dayno, mashine ya kupimia nguvu za gari, isikudanganye. Pale boneti iko wazi, feni kubwa inapuliza, unakanyaga sekunde kumi tu. Gari zimewahi kutoka dayno safi halafu zikagonga noki uwanjani, baada ya kusimama kwenye foleni dakika ishirini jua kali na supachaja imeiva kama chuma cha mhunzi. Mimi sasa tyuni ya mwisho naifanyia uwanjani tu, na taimingi naiacha digrii mbili chini ya pale ninapoamini inaweza kufika. Kuna mafundi wananiona mwoga kwa hilo.

Kaka wa jana nimemwambia alete gari Jumamosi asubuhi, puli aiache kwenye boksi lake. Tutaanza kupima presha ya mafuta.